Kwa Nini Mimea ya Nyuma ya Tangi la Samaki Hupukutika Majani

Mwezi uliopita mteja alirudi kwenye duka letu la mimea ya matangi ya samaki hapa Mwanza akiwa na mashina ya haigrofila, mmea wa majini unaopandwa upande wa nyuma ndani ya tangi, yaliyopukutika majani, akidai kwamba tulimuuzia mimea iliyokwisha kufa. Mashina yenyewe yalikuwa bado magumu na ya kijani, na kwenye vifundo vyake machipukizi yalikwisha anza kutokeza. Alikuwa amechagua fungu la bei nafuu, lile ambalo halijazoezwa kuishi ndani ya maji, ingawa jambo hilo tunaliandika kwenye risiti.

Wakulima wengi wa mimea ya tangi huikuza ikiwa na mizizi kwenye unyevu na majani hewani, kwa sababu hukua haraka na haisumbuliwi na mwani. Jani lililoota hewani likizamishwa hufa, kisha mmea huchipua jani jingine, jembamba na laini, linaloweza kuishi majini. Sisi huyangoja majani hayo yatoke katika matangi yetu kabla ya kuuza, na umeme wa taa, kazi ya kubadilisha maji na mashina yanayooza tukayatupa vyote vimo ndani ya bei ambayo baadhi ya wateja huiita ya unyang'anyi.

Kimo nacho huleta ugomvi. Tangi la sentimita 45 kwa 30 kwa 30, ukiondoa udongo na nafasi ya juu, hubakiwa na kina cha maji cha sentimita 22 hivi, ilhali majani ya valisneria, mmea wa majini wenye majani marefu kama utepe, huweza kupita sentimita 50, yakatanda juu na kuinyima mwanga mimea ya mbele. Ukiyakata katikati, ncha huwa za kahawia. Kwa tangi dogo tunapendekeza haigrofila au limnofila, mimea ya shina ambayo unaikata kilele, ukakipanda upya pembeni, shina moja moja na si kwa fungu, huku taa ikiwaka kwa muda wa saa 6 hadi 8 kwa siku. Mianzi ya bahati ni drasena, mmea wa nchi kavu, na ikizamishwa yote huoza.

Njia ya mkato inayotuumiza zaidi ni kuchuma magugu ziwani kwa kuwa ni ya bure. Mwenye hoteli mmoja alijaza nyuma ya tangi lake magugu hayo. Konokono waliokuja nayo wakazaliana hadi wakaziba filta, nasi tukaitwa kulimwaga tangi lote, kuosha changarawe na kupanda upya, kwa gharama iliyozidi sana bei ya mimea aliyoikwepa. Tena baadhi ya konokono wa Ziwa Victoria hubeba vimelea vya kichocho, ambavyo hupenya ngozi ya mkono unaotumbukizwa majini. Kwa sababu hiyo hatupokei wala hatusafishi magugu ya ziwani, hata mteja akitulipa.

Anayetaka mimea ya nyuma na aje na kipimo cha kina, kuanzia udongo hadi uso wa maji, na picha ya taa yake.