YAH: MALALAMIKO KUHUSU RIPOTI YA UTAMBUZI WA KUVU ILIYOTOLEWA BILA SAMPULI KUFUNGULIWA

Mafinga, Iringa
24 Juni

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Utaratibu wa maabara yenu wa kupokea na kupima sampuli mmeubandika wenyewe ukutani pale mapokezi, kwa hiyo sitawakumbusha. Naanza na bahasha.

Bahasha zangu nne za kaki, zenye sampuli za kuvu niliyoikuta kwenye magogo yangu ya mipaini, nilizifunga kwa uzi mweusi wa kushonea magunia, kila moja mafundo mawili, na juu ya fundo nikadondoshea nta ya mshumaa. Tarehe 17 Juni kijana wenu wa mapokezi alinirudishia zote nne pamoja na ripoti yenye mhuri. Nta haikuwa na hata ufa. Ripoti inasema spora, vile vijimbegu vya kuvu, zilipimwa zikakutwa na mikroni 6 kwa 3, yaani sehemu za elfu za milimita. Zilipimwa na nani? Hadubini gani hiyo inayoona ndani ya karatasi ya kaki iliyofungwa?

Nilimuuliza swali hilo kwa adabu, nimetoka kushuka kwenye basi la usiku. Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Akazisukuma bahasha kwa mgongo wa mkono, moja ikaanguka sakafuni, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu: "Mama, kuvu ni kuvu. Gogo limeshaoza, pasua kuni ukapikie." Watu wakacheka. Nikainama nikaokota.

Ndugu Mkurugenzi, kuvu si kuvu tu. Nina ekari 22 za mipaini niliyoipanda mwaka 2011 kwa mkopo. Kwenye magogo yaliyoangushwa na upepo niliikuta kuvu ya ukoko, kahawia, imelala bapa tumboni mwa gogo kama ukoko wa ugali ulioshika sufuria. Magogo mawili kati ya hayo yalikuwa na matundu ya duara. Mtu wa mipaini akiona vitu hivyo viwili pamoja hapati usingizi. Afrika Kusini nyigu wa mbao aitwaye Sirex noctilio aligunduliwa mwaka 1994, na nyigu huyo hasafiri peke yake. Jike hutoboa mti, akataga yai na kuacha humo ute wenye sumu pamoja na kuvu ya ukoko iitwayo Amylostereum areolatum. Ute na kuvu vikishirikiana, mti uliosimama unakufa. Sijasema nyigu huyo yuko Mufindi. Nimelipa shilingi 180,000 ili niambiwe na mtu aliyetazama.

Ninyi mkaniandikia Stereum hirsutum. Kuvu hiyo makazi yake hasa ni miti ya majani mapana, na ukingo wake huinuka ukawa na manyoya yanayoonekana kwa macho matupu. Yangu haina ukingo ulioinuka wala unyoya mmoja. Nilipoikwaruza kwa ukucha ingali mbichi haikutoa utomvu mwekundu, na hilo niliwaandikia juu ya kila bahasha kwa kalamu ya wino, maana iko kuvu ya jamii hiyohiyo ya Stereum ambayo ukiikwaruza hutoka kama damu. Niliikausha kivulini, nikaizungushia gazeti na si nailoni isije ikaota ukungu mwingine. Kazi yangu niliifanya.

Kazi yenu ilikuwa ndogo. Kukata kipande chembamba, kutia tone la iodini, kutazama. Na iodini peke yake haitoshi, kwa sababu spora za Stereum na za Amylostereum zote hugeuka bluu. Kinachozitenganisha ni sistidia, vile vijinywele vya kahawia vilivyovikwa fuwele, ambavyo Amylostereum anavyo. Ripoti yenu haitaji sistidia. Haitaji iodini. Inataja mikroni tu, tarakimu ambazo mtu anaweza kuzinakili kitabuni akiwa amekaa.

Mwezi Mei, kabla sijatuma hata shilingi, mliniambia kwa simu kwamba kila sampuli "inapita chini ya hadubini, mama, ondoa shaka". Nikaondoa.

Narudi pale mapokezi kwa sababu sijasema yote. Aliposukuma bahasha ikaanguka, mtaalamu wenu, yule aliyetia sahihi ripoti, alikuwa amesimama mlangoni na koti lake jeupe, kikombe cha chai mkononi. Dakika mbili kabla ya hapo nilikuwa nimeambiwa yuko kikaoni. Alisikia "pasua kuni ukapikie". Alinitazama nikiinama mbele ya watu wale, mimi niliye na umri wa mama yake, kisha akageuka akaingia ndani. Bahasha iliyoanguka ilikuwa ya gogo lenye matundu. Kona yake imebonyea mpaka leo, nta bado nzima. Nimeipiga picha pande zote sita.

Naomba nirudishiwe shilingi 180,000 zangu. Naomba pia nauli ya kwenda na kurudi Dar es Salaam, na sampuli zipimwe upya na mtu mwingine, nikiwepo, nipewe picha za spora na sistidia. Naomba barua ya kuifuta ripoti ile, kwa sababu mnunuzi wa mbao zangu ameshaisoma. Na kijana yule pamoja na mtaalamu waniombe radhi kwa maandishi, wakitaja walichokisema na walichokiona.

Nilikusudia kuwapa siku 14. Nimeitazama tena sahihi iliyo chini ya neno "zilipimwa", ziwe 7. Siku ya nane bahasha hizi, zikiwa na mafundo yake, zitakuwa mezani kwa Tume ya Ushindani, na nakala ya ripoti yenu kwa wakili wangu. Wakulima wa paini wa huku wanaotaka kuwaletea sampuli nitawaonyesha nta, mmoja mmoja.

Wenu mteja,

Mkulima wa mipaini, Mufindi