Dirisha la wazee tunalo, sasa tuwape na benchi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee wazee wanaobaki peke yao vijijini, hasa kwetu Rombo, mkoani Kilimanjaro.

Mwezi Machi nilichukua likizo nikaenda kukaa na mama. Ana miaka 81 na anatumia dawa za presha. Siku ya kliniki aliniamsha saa kumi na moja alfajiri, ameshaoga, amevaa kitenge cha kanisani na kilemba chake kipya. Nikamwambia, mama, zahanati inafunguliwa saa mbili na wewe unapita dirisha la wazee bila kupanga foleni, haraka ya nini? Hakunijibu. Tulipofika nikaelewa. Wenzake walikuwa wameshajaa kwenye ukingo wa saruji nje ya mlango, akina mama saba au wanane na wanaume wawili wenye mikongojo, wanaongea kama watu waliokutana harusini. Nani kapata kitukuu, ng'ombe wa nani kazaa, nani kateleza akaangukia mferejini. Mama yangu, ambaye nyumbani hushinda kutwa bila kutoa maneno kumi, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Saa tatu wote walikuwa wamepimwa na kupewa dawa. Hakuna aliyeondoka. Binti mmoja alikuja na mtoto mchanga anayelia bila kukoma. Bibi wa pembeni akampokea, akamlaza kifudifudi mapajani, akamsugua mgongo taratibu, mtoto akanyamaza. Saa nne muuguzi akatoka, akasema kwa upole kabisa, "Bibi zangu, mmeshahudumiwa, nendeni nyumbani mkapumzike." Wakaanza kuinuka mmoja mmoja. Njiani mama akaniambia, "Kupumzika? Si nimepumzika mwezi mzima."

Simlaumu muuguzi yule, alikuwa na foleni ya watu wa kuhudumia. Dirisha la wazee nalo ni jambo jema. Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imtambue mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, tumepiga hatua, na sipendi kurudi kule ambako mzee alisimama jua kali nyuma ya vijana. Ila tunawahudumia haraka ili warudi haraka kwenye nyumba zisizo na watu, na nusu ya kilichowatoa nyumbani ilikuwa kuonana. Shirika la Afya Duniani limesema katika ripoti yake ya mwaka 2025 kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke huongeza hatari ya kiharusi, maradhi ya moyo na kisukari. Ni maradhi yaleyale ambayo wazee wetu wanapangiwa kliniki. Tunawapa kidonge cha presha, kisha tunawarudisha kwenye kinachoipandisha.

Nyumba hizo hazikuwa tupu zamani. Kwa mila yetu Wachagga, mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kihamba chake, yaani shamba la ukoo, na wazazi wanazeekea mikononi mwake. Kitindamimba wa mama yangu ni mimi, na ninaishi Kimara, Dar es Salaam. Wengi wetu tumejenga kule nyumba kubwa za bati la rangi na geti la chuma, zinazojaa watu wiki mbili za Desemba. Januari tunafunga vyumba, tunaacha funguo kwa mama, naye anarudi jikoni kwake nje, kwenye kuni, na redio.

Hela tunatuma, hilo hatujambo. Lakini hata hela ilikuwa na mtu wake. Kabla ya fedha za simu kuingia nchini mwaka 2008, ukitaka kumpelekea mama chochote ulimpa jirani anayepanda basi kwenda nyumbani, pamoja na sukari na barua. Jirani yule alifika, akakaribishwa, akanywa chai, akasimulia umenenepa au umekonda. Siku hizi simu inalia mara moja. "Mama, umepata?" "Nimepata, mwanangu, asante." Basi, tumemaliza.

Zimbabwe wametuonyesha kinachoweza kufanywa na benchi la mbao. Mwaka 2006, Mbare jijini Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 waliokuwa wahudumu wa afya wa jamii. Walifundishwa kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kumsikiliza mtu aliyelemewa na mawazo, hali ambayo kwa Kishona huitwa kufungisisa. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Kinachonigusa ni kwamba kule bibi ndiye anayetibu. Nilimkumbuka yule aliyemnyamazisha mtoto pale zahanati. Anafaa kuombwa abaki, wala si kuambiwa akapumzike.

Upande wangu nimeanza na dogo. Mama aliacha kwenda sala za jumuiya miaka miwili iliyopita kwa sababu njia ni ya mteremko na wakati wa masika inateleza vibaya. Nimekubaliana na kijana wa bodaboda wa palepale kijijini ampeleke kila wiki na kumrudisha, nami namlipa kwa simu mwisho wa mwezi. Wana wenzangu wa Rombo mlioko mijini, nauli hiyo haizidi soda zenu za wiki. Mfanyieni mzazi.

Kwa zahanati zetu ombi langu ni mabenchi mawili yenye egemeo, chini ya mti, na birika la chai, ili siku ya kliniki mzee akae mpaka achoke mwenyewe. Baraza la wazee la kijiji lisimamie chai. Nimezungumza na mwenyekiti wa kijiji chetu, ameniambia mbao zipo na fundi yupo, kinachosubiriwa ni ruhusa ya mganga mfawidhi. Ruhusa hiyo ndiyo naiomba kupitia gazeti lako, kabla ya kliniki ya mwezi ujao.

Msomaji wako,
Kimara, Dar es Salaam