Elisha, ile karatasi usiirudie

Ndugu yangu Elisha,

Bwana Yesu asifiwe. Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi tu wazima. Mama anaendelea vizuri, miguu imepungua kuvimba, na kila akisikia jina lako anauliza lini utakuja kumsomea Zaburi kama zamani. Salamu nyingine nitazimalizia chini nikizikumbuka, maana kuna jambo limenikaa kooni tangu nisome ujumbe wako.

Nilishaanza kudhani kimya chako ni hasira. Kumbe ulikuwa umejitwika mzigo huu peke yako muda wote! Bosi wako anakuletea hati ya mzigo ambao haujaingia stoo, anataka usaini kwamba umeupokea wote, na mgao wako upo. Ulikataa. Wakarudi, ukakataa. Safari hii ukawaambia, "Niacheni kwanza nifikirie." Halafu unaniandikia kwamba umeacha kuongoza maombi, kwa kuwa mtu anayepiga hesabu za hela za wizi usiku hana mdomo wa kuwaombea wenzake, na kwamba Shetani amekwisha kukushinda.

Naanzia hapo mwisho. Hajakushinda. Hujasaini. Kupita kwa ile hesabu kichwani mwako usiku, huku ada za watoto zinadaiwa na lile deni bado liko, hakujakufanya mwizi. Bwana wetu alifunga siku 40 nyikani, na Mathayo anasema waziwazi kwamba mwishowe aliona njaa. Njaa ya kweli, ya tumbo. Ibilisi alipomwambia kuhusu mawe na mikate alikuwa anagusa mahali panapouma, na kuumwa na njaa hakukuwa dhambi. Waebrania 4:15 inasema alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi. Sasa wewe kwa nini unajihukumu kwa kujaribiwa?

Yakobo amelipanga jambo hili vizuri kuliko wahubiri wengi ninaowasikia siku hizi. Anasema kila mmoja hujaribiwa akivutwa na kudanganywa na tamaa yake mwenyewe, kisha tamaa ikishachukua mimba huzaa dhambi, na dhambi ikikomaa huzaa mauti. Kuna hatua hapo. Wewe umesimama kwenye kuvutwa. Hapo panauma, lakini bado pana nafasi ya kugeuka. Nakasirika kweli nikisikia mafundisho yanayomtaja Shetani tangu wimbo wa kwanza hadi baraka ya mwisho, kila kikohozi pepo, kila deni pepo, mpaka watu wanatoka ibadani wanamjua adui kuliko wanavyomjua Mwokozi. Na tamaa yao wenyewe, ile aliyoitaja Yakobo, hakuna anayeigusa.

Lakini ndugu yangu, hilo "niacheni nifikirie" linanitisha. Sitakuficha. Unafikiria nini? Ulishajua jibu mara ya kwanza, ukalitoa, likawa zuri. Angalia Hawa pale bustanini: nyoka alianza kwa swali tu, naye akakaa kulijibu, akaongeza hata neno "wala msiyaguse" ambalo katika agizo alilopewa Adamu halimo. Mazungumzo yakaendelea. Akautazama mti, akaona wafaa kwa chakula, wapendeza macho, watamanika kwa maarifa. Kila alivyozidi kuutazama ndivyo ulivyozidi kupendeza. Sasa weka kando yake yale majibu ya Yesu. Mara tatu anajibu, na mara zote tatu ni Kumbukumbu la Torati, sura ya 8 na ya 6, maneno machache, basi. Hakuomba muda.

Nimekuwa nikilitafakari jambo moja wiki hii, na nadhani ndipo tunapokosea wengi wetu. Biblia inatupa amri mbili tofauti. Kuhusu Shetani inasema: "Mpingeni Shetani, naye atawakimbia." Petro naye, baada ya kutuonyesha yule simba angurumaye, anasema tumpinge tukiwa thabiti katika imani. Hakuna mahali tunapoambiwa tumkimbie. Kuhusu tamaa inasema kinyume chake: ikimbieni zinaa, zikimbie tamaa za ujanani, na kwa habari ya kupenda fedha Paulo anamwambia Timotheo, "wewe, mtu wa Mungu, uyakimbie mambo hayo." Sisi tunageuza. Jambo la tamaa tunakaa nalo tukilijadili kana kwamba tuna nguvu za kulishinda kwa hoja, na adui anapotushitaki tunakimbia: tunakimbia maombi, tunakimbia ndugu, tunazima simu. Elisha, umefanya hivyohivyo. Ile karatasi umeiachia nafasi, na sisi umetukimbia.

Yusufu hakuiachia nafasi. Mke wa Potifa alisema naye siku baada ya siku, Mwanzo 39 inasema hivyo, kwa hiyo usifikiri wewe peke yako ndiye wanayekurudia. Hakukubali hata kuwa pamoja naye. Siku ile alipomshika nguo, Yusufu hakubaki kueleza msimamo wake wala kuomba arudishiwe vazi. Alitoka nje, nguo ikabaki mkononi mwa yule mwanamke, na nguo ileile ikatumika kumsingizia, akaingia gerezani. Hili sitaki kulipitia juujuu, kwa sababu najua unachokiogopa: ukikataa kabisa, wanaweza kukuhamisha, au kukubambikia kosa. Wanaweza. Siwezi kukuahidi kwamba hawatafanya. Yusufu alikataa na akafungwa, na Biblia inasema BWANA alikuwa pamoja naye mle gerezani. Ningependa kukuahidi zaidi ya hapo, lakini ndicho kilichoandikwa, nami nakiamini.

Halafu huyo mzee wa kanisa anayefanya kazi na wewe! Nimeisoma ile sehemu nikasimama. Eti anakwambia upokee mgao kwa kuwa imeandikwa "Usimfunge kinywa ng'ombe apurapo nafaka"! Andiko lipo kweli, Kumbukumbu la Torati 25:4, na Paulo analitumia kwa wanaoihubiri Injili wapate riziki kwa Injili hiyo. Riziki ya kazi uliyofanya. Mzigo ambao haukuja haujapurwa na mtu yeyote. Usiyumbishwe na mtu kwa sababu tu ametaja mstari. Shetani naye aliutaja, Zaburi ya 91, juu ya kinara cha hekalu. Ukiisoma ile Zaburi yenyewe utaona kwamba kwa Mathayo ameruka maneno "wakulinde katika njia zako zote," na amesimama kabla ya mstari wa 13 unaosema utawakanyaga simba na nyoka. Ule hakuutaka, ulikuwa unamhusu. Namwombea yule mzee, sisemi hivi kwa kumdharau, ila wewe usimfanye mshauri.

Ngoja nikupe habari ya mtu mmoja, maana nilipoisoma niliwaza wewe. Unamkumbuka Augustino, yule aliyekuja kuwa askofu wa Hipo, kule Afrika Kaskazini. Alikuwa na rafiki wa mji mmoja naye, Alipio. Huyu Alipio alipokuwa Roma akisoma sheria aliyachukia yale mapigano ya kuuana uwanjani. Siku moja wenzake wakamkokota wakaenda naye. Akawaambia wanaweza kuupeleka mwili wake, lakini macho na moyo hawatavipata. Akaketi, akafumba macho. Mpiganaji mmoja akaanguka, umati ukapiga kelele kubwa, Alipio akafumbua macho aone ni nini. Ikawa basi. Alitazama, akashangilia na wenzake, na akatoka pale akitaka kurudi, hata akawa anawavuta wengine. Alikuwa mtu mwema na aliichukia dhambi ile kwa kweli. Shida ilikuwa kuketi pale huku akiyategemea macho yake kufumba.

Ndiyo maana nakwambia usikae na ile karatasi, Elisha. Usibaki stoo baada ya saa za kazi wakati wamebaki wao tu. Wakikuita ofisini kuzungumza "kidogo," ingia na mwenzako, au simama mlangoni, utoe jibu lako, uondoke. Kesho asubuhi, kabla hawajakufuata, wafuate wewe useme: nilisema nitafikiria, jibu ni hapana, nitasaini nilichokihesabu kwa mikono yangu. Basi. Usieleze sana. Na mweleze shemeji leo usiku kabla hujalala. Umeniandikia kwamba hajui. Kwa nini hajui? Unamficha ili asiogope, au kwa sababu akijua itakuwa vigumu kusaini? Samahani kwa kuuliza hivyo, lakini mimi nisipokuuliza nani atakuuliza?

Alipio hakuishia uwanjani, nilitaka kusema hilo pia. Mwaka 386, kule Milano, Augustino akiwa analia bustanini kwa kushindwa kuachana na maisha yake ya zamani, Alipio alikuwa hapohapo karibu naye. Augustino akafungua nyaraka za Paulo, akakutana na Warumi 13, "mvaeni Bwana Yesu Kristo, wala msiuangalie mwili, hata kuwasha tamaa zake." Akamwonyesha rafiki yake. Alipio akaendelea kusoma mstari unaofuata, "Yeye aliye dhaifu wa imani, mkaribisheni," akasema huo ni wake. Wakaingia nyumbani pamoja. Baadaye yeye naye akawa askofu. Kila nikifika hapo nafikiria kwamba mlango wa kutokea katika jaribu anaousema Paulo katika 1 Wakorintho 10:13, mara nyingi Mungu huuweka mahali ambapo mtu mwingine amesimama. Sijui kama nimelieleza vizuri. Ninachotaka kusema ni kwamba sitaki upambane na hili peke yako.

Kwa hiyo narudi kwenye maombi. Unasema hustahili kusimama mbele za watu. Nani amekuambia? Katika Zekaria 3, Yoshua kuhani mkuu amesimama mbele za malaika wa BWANA na nguo chafu mwilini, chafu kwelikweli, na Shetani yuko mkono wake wa kuume amshitaki. BWANA anamkemea yule mshitaki kwanza, ndipo anaamuru zile nguo zivuliwe. Yoshua hakuambiwa aende kwanza akafue. Na Petro, kabla hata hajamkana Bwana, alishaambiwa: nimekuombea wewe ili imani yako isitindike, nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako. Kuanguka kwake kulijulikana, na kazi yake bado ikatunzwa. Wewe hata hujaanguka, unajivua kazi mwenyewe.

Nakuogopea zaidi hiyo kuacha kidogokidogo. Dema alitajwa kwa heri katika Wakolosai, akatajwa tena kwa Filemoni kama mtenda kazi pamoja na Paulo, kisha katika 2 Timotheo anatajwa kwa masikitiko: ameniacha, akiupenda ulimwengu huu wa sasa. Hatuonyeshwi siku aliyoamka akasema leo naiacha imani. Huenda alianza kwa kukosa ibada moja, huenda kwa... basi, nimeandika vya kutosha hapo.

Jambo la ada: niambie kiasi. Nimezungumza na Eliya bila kutaja mengi, na alikubali kabla sijamaliza sentensi. Mama Neema naye amesema lake. Usione haya. Ulipokuwa nacho ulitoa, wote tunakumbuka msiba wa baba yangu, na hukusubiri kuombwa. Ada zikipungua na deni likapangwa upya, karatasi ile itakuwa imepoteza nusu ya sauti yake.

Sasa nijibu. Umeshawarudia na jibu, au bado wanasubiri? Wamekupa hadi lini? Shemeji ameshajua? Unasoma nini siku hizi, au Biblia nayo umeiweka pamoja na ule uongozi? Usingizi unapata? Mchungaji unamwamini kwa jambo hili, au unataka twende kwake wote wawili? Na Alhamisi utakuja maombini, hata kama ni kukaa nyuma bila kusema neno? Nitakushikia kiti karibu nami. Nimeomba niongoze mimi kwa muda, mpaka utakapokuwa tayari, na nimewaambia kwamba ni kwa muda.

Niandikie hata mstari mmoja ukishazungumza na bosi wako. Nikiona kimya hadi kesho jioni nitapiga, na usipopokea nitakuja nyumbani. Wasalimie watoto, mwambie mdogo kitabu chake cha nyimbo kiko kwangu.

Ndugu yako katika Kristo,
Daudi