Mifongo ya Kilimanjaro haikuchimbwa na Wajerumani

Mhariri,

Juzi nilikuwa napalilia migomba karibu na njia, wakapita watalii sita na kijana anayewatembeza. Wakasimama kwenye mfongo, yaani mfereji wetu wa kumwagilia, unaopita juu ya kihamba changu, shamba langu la ukoo. Mmoja akauliza nani aliuchimba. Yule kijana, tena mtoto wa huku huku Vunjo, akajibu bila kusita: "Wajerumani."

Nilisubiri wageni waende kupiga picha, nikamvuta pembeni. Nikamwambia kwamba mmisionari Rebmann alipouona mlima huu na theluji yake mwaka 1848, utawala wa Wajerumani ulikuwa bado kabisa. Na Wazungu waliofuata, kabla ya bendera yoyote ya Mjerumani kupandishwa Moshi, waliikuta mifereji hii inatiririka, wakaistaajabia kwenye maandishi yao.

Babu yangu alikuwa mzee wa mfongo, msimamizi wake. Banio, kizuizi cha kuchepusha maji ya mto kuingia mfongoni, lilijengwa kwa mawe, udongo na vigogo vya migomba, na kila mafuriko yalilibomoa. Maji yalikuwa ya ukoo uliochimba. Wengine waliomba kwa mbege, pombe yetu ya ndizi, wakapangiwa zamu. Sisi zamu yetu ilikuwa alfajiri, na nimeamshwa mara nyingi kwenda kufungulia maji nikiwa natetemeka kwa baridi. Aliyeiba zamu alitozwa mbege. Ugomvi ukikolea, mkosaji alipeleka jani la isale, mmea wetu wa kuombea msamaha, na ukishaletewa isale huna ubavu wa kukataa kusamehe. Isale hiyo hiyo ndiyo mpaka wa vihamba vyetu na ndiyo alama ya makaburi ya wazee.

Kijana akaniuliza kama maji haya si barafu ya kilele cha Kibo iliyoyeyuka. Nayo nimeisikia sana! Barafu inachangia kidogo mno. Maji yetu ni mvua na ukungu unaonaswa na msitu ule juu ya vihamba, ndiyo maana anayeingia na msumeno kule anakausha ndizi na kahawa za huku chini.

Simlaumu sana. Amekariri urefu wa mita 5,895, amemkariri Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni mwaka 1889, na amemkariri mzee wetu Lauwo wa Marangu, anayesemekana kumwongoza. Huko ndiko walikomfundisha kuanzia, kileleni. Wanaofundisha waongoza watalii wawashushe pia hadi vihambani, wakae na wazee japo siku mbili.

Na sisi tuna letu. Banio letu limebomoka tangu masika, na kwenye msaragambo wa mwisho, kazi yetu ya pamoja, tulikuwa wanne, mdogo kuliko wote ana miaka 61. Desemba magari ya kutoka Dar yatajaa barabara yote hadi kanisani. Jumamosi ya kwanza baada ya Krismasi, saa moja asubuhi, tutakuwa mtoni. Majembe yapo. Yule kijana ameahidi kuja, na nimemwambia aje na wageni wake wakitaka.

Mwalimu mstaafu,
Kirua Vunjo, Kilimanjaro