Risala ya Klabu ya Baiolojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mahafali ya Kidato cha Nne, Arusha

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mgeni Rasmi, kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa nasi. Dada na kaka zetu mnaowaaga leo ndio walioianzisha kazi tunayotaka kukueleza, ya kuziingiza chupa za wanyama wa maabara yetu kwenye kompyuta, na wametuachia sisi kidato cha tatu tuiendeleze.

Katika maabara yetu ya baiolojia kuna kabati la mbao lenye chupa 64 za wanyama wa baharini. Wamo pweza, kaa, kamba, viti vya pweza, majongoo bahari na samaki wadogo wa miambani. Chini kabisa kuna boksi la makombe. Vyote vililetwa na mwalimu wetu mmoja, sasa amestaafu, kila alipowapeleka wanafunzi Tanga au Dar es Salaam. Kwa mtoto wa Arusha anayeamka akiutazama Mlima Meru, na ambaye hajawahi kukanyaga pwani, kabati lile ndilo bahari. Wengi wetu tulimwona pweza kwa mara ya kwanza humo.

Miaka miwili iliyopita kabati lilipofunguliwa ili lisafishwe, tulikuta hasara. Chupa kadhaa zilikuwa zimepungukiwa spiriti. Lebo zilizoandikwa kwa kalamu za wino hizi tunazotumia darasani zilikuwa zimefutika, kwa sababu spiriti huuyeyusha wino wake. Zilizoandikwa kwa penseli zilisomeka kana kwamba zimeandikwa jana. Chupa 11 hazikuwa na mahali wala tarehe. Tulimwita mwalimu mwenyewe, akazitazama moja moja kwa muda mrefu, akazikumbuka mbili tu. Mheshimiwa, zile tisa zilizobaki zilituuma sana. Mnyama yumo, mikono yake yote kamili, lakini hawezi tena kutuambia alitoka bahari ipi na mwaka gani. Siku ile ndipo tulipoanza kanzidata, yaani kuingiza kila chupa kwenye kompyuta kabla lebo nyingine hazijatutoka.

Tuliposikia kwamba ni kazi ya kunakili lebo, tulidhani itachukua wiki mbili. Naomba nikueleze chupa moja tu, namba 17.

Ndani yake kuna pweza mdogo, mwili wake haufiki kidole gumba. Lebo ya penseli inasema: "Pweza. Kunduchi, maji kupwa, 3/4/94." Tukaanza na tarehe. Sisi tunasoma tarehe 3 Aprili, lakini mtu wa Marekani atasoma Machi 4, na kanzidata husomwa na watu wa nchi zote. Kwa hiyo huandikwa mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku: 1994-04-03. Mwalimu alithibitisha, kwa sababu anakumbuka waliokota pweza huyo Jumapili ya Pasaka, na kalenda ya 1994 inakubaliana naye.

Kisha mahali. Kunduchi ni kubwa, na kompyuta haielewi jina, inaelewa latitudo na longitudo. Tulichukua nukta moja ya ufukweni, tukaandika na umbali ambao huenda tumekosea, kilomita 3, ili atakayetumia rekodi hii asidhani tunajua mpaka jiwe alilokuwa amejificha. Latitudo ya kusini mwa ikweta huandikwa na alama ya kutoa mbele yake. Mwenzetu mmoja aliisahau alama hiyo, na ramani ikatuonyesha pweza wa Kunduchi yuko kwenye milima ya Ethiopia. Tangu siku hiyo hakuna rekodi inayohifadhiwa kabla mtu wa pili hajaitazama kwenye ramani. Baadaye tulijifunza kwamba hata OBIS, mfumo wa taarifa za viumbe vya bahari ulio chini ya UNESCO, huziwekea alama rekodi za baharini zilizotua nchi kavu, maana kosa kama letu hutokea hata kwa wataalamu.

Mwisho ni jina. "Pweza" peke yake haitoshi, kwa sababu pweza wako wa aina nyingi. Anayevuliwa sana pwani yetu anaitwa kisayansi Octopus cyanea, na tulishawishika kuliandika hilo. Lakini huyu ni mdogo mno, na hakuna kati yetu anayeweza kumthibitisha. Tukaandika jina la familia tu, Octopodidae, tukaacha nafasi ya mtaalamu. Tunaamini rekodi fupi yenye ukweli inafaa kuliko rekodi ndefu ya kubahatisha.

Chupa hiyo moja ilituchukua mchana mzima.

Makombe yalitufundisha jambo jingine. Kauri ndogo ya manjano, ile iliyotumika kama fedha katika sehemu nyingi za Afrika, ilipewa jina Cypraea moneta na Linnaeus, mwanasayansi aliyevipa viumbe vingi majina ya kisayansi, mwaka 1758. Leo inaitwa Monetaria moneta. Makumbusho moja ikiwa na jina la zamani na nyingine jipya, kompyuta itahesabu wanyama wawili. Kwa sababu hiyo kuna rejesta ya dunia ya majina ya viumbe vya bahari, WoRMS, ambayo huliunganisha jina la zamani na jina linalokubalika sasa. Sisi tunaandika jina linalokubalika, na lile la kwenye lebo tunalibakiza kama lilivyo, kwa heshima ya aliyeliandika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, huenda unajiuliza haya yanatuhusu nini watu wa milimani. Mwaka 1899, meli ya utafiti ya Kijerumani iitwayo Valdivia ilipita Dar es Salaam ikikusanya wanyama wa kina kirefu, na mwaka uliofuata Wajerumani wakajenga Boma hapa mjini, ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Boma tumebaki nalo. Wanyama walikwenda Berlin. Miaka ya 1901 na 1902 Mwingereza Cyril Crossland alikusanya wanyama wengi Zanzibar, na maelezo yao yakachapishwa London. Kwa hiyo ushahidi wa jinsi bahari yetu ilivyokuwa kabla ya uvuvi wa baruti, kabla ya matumbawe kupauka mwaka 1998, uko kwenye chupa zilizo mbali nasi. Makumbusho zinapoziingiza sampuli zao kwenye GBIF, mtandao wa dunia wa taarifa za viumbe, ambao Tanzania ni mshiriki wake, mwanafunzi wa hapa anaweza kutafuta neno "Zanzibar" na kuona nini kilichukuliwa, wapi na lini, bila viza wala nauli. Ndiyo maana nasi tunazipanga safu zetu kwa kiwango kile kile kinachotumika duniani, Darwin Core. Tunataka siku moja chupa za Arusha zisimame kwenye ramani moja na chupa za Berlin.

Na tukumbuke silikanti. Mwaka 1938, Bi Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya East London, Afrika Kusini, alipata samaki ambaye wanasayansi walidhani alitoweka zamani za dinosaria. Formalini, dawa ya kuhifadhia wanyama, haikumtosha, sehemu za ndani zikatupwa. Lakini alikuwa amemchora na kumwandikia mtaalamu barua, na mchoro huo ndio uliomtambulisha. Samaki wa aina hiyo yuko Tanga pia, na tangu 2009 ana hifadhi yake ya bahari.

Hadi leo tumeingiza chupa 63, kila moja na picha yenye rula pembeni. Changamoto zetu si nyingi. Tunayo kompyuta moja, na umeme ukikatika kazi husimama. Nakala rudufu iko kwenye flashi moja inayokaa kwa mwalimu wa klabu, na tunaihofia. Makumbusho ya Taifa ya Brazil iliungua usiku wa Septemba 2, 2018, na sisi hatuna hata pa pili pa kuweka kazi yetu.

Kwa heshima tunaomba utusaidie kupata kompyuta ya pili na diski ya nje, spiriti ya kujaza chupa zilizopungua, na barua ya kututambulisha kwa makumbusho ya hapa mjini ili wataalamu wazikague rekodi zetu kabla hazijatumwa popote.

Chupa ya 64 tumeiacha kwa makusudi. Ni kaa wa Tanga, lebo yake ni ya penseli na inasomeka vizuri. Iko mezani karibu na mlango, kompyuta imewashwa, na mstari wake uko wazi. Tunakuomba kabla hujaondoka uuandike pamoja na wahitimu.

Tunaomba kuwasilisha.