Harusi ya Pip umeiona wapi?

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na lawama zake zote nimezipokea. Eti sina moyo, kwa kuwa nataka Pip na Estella, yule msichana anayempenda, waachane katika Great Expectations, riwaya ya Charles Dickens. Haya, nisikilize na mimi.

Mwisho unaoutetea, ule unaokufanya uamini kuwa wataoana, ni wa pili. Dickens alipoimaliza riwaya mwaka 1861 alikuwa ameandika mwingine. Mwandishi mwenzake, Bulwer-Lytton, ndiye aliyemshawishi aubadilishe. Ule wa kwanza ulitolewa mwaka 1874, Dickens akiwa ameshafariki, na rafiki yake John Forster aliyeandika maisha yake. Wasomaji wanabishana mpaka leo, kwa hiyo si sisi wa kwanza kununiana.

Katika ule wa kwanza wanakutana London barabarani. Estella yumo garini, yule mume katili amekufa, naye ameolewa tena na daktari. Pip anatembea na mtoto wa Joe, shemeji yake aliyemlea, na mkewe Biddy. Estella anaomba ambusu mtoto, akidhani ni wa Pip, na Pip anamwacha adhani hivyohivyo. Hapo ndipo ninaposhindwa kuendelea kila nikisoma. Mwanamume aliyemhangaikia tangu utotoni, leo haoni hata haja ya kumwambia kuwa hajaoa! Wewe unaita ukatili. Mimi naona ndiyo mara ya kwanza Pip amekuwa mtu mzima.

Sasa rudia sura yako ya mwisho, ya 59. Pale kwenye magofu ya nyumba ya Miss Havisham, yule bibi tajiri aliyemlea Estella, nani anasema hakuona kivuli cha kuachana? Pip peke yake. Estella yeye anasema wataendelea kuwa marafiki, kila mtu kwake. Na tangu lini Pip akamwelewa Estella? Si ndiye aliyeamini miaka yote kuwa Miss Havisham anamgharimia na kumtunzia mchumba, kumbe fedha zilikuwa za Magwitch, yule mfungwa? Wewe umemwamini, na sare ya harusi umeshachagua.

Kuupenda mwisho huo sikukatazi. Una uzuri wake, na ule ukungu wa jioni hata mimi unanigusa. Ila nijibu upesi, na unionyeshe sentensi moja inayosema Estella anabaki. Ya Estella, si ya Pip. Na usinitajie ile ya kwamba amemfikiria mara nyingi. Kumfikiria mtu si kumtaka.

Wako,
mbishi wako wa siku zote