Barua kwa mwanangu anayefungua duka Ngamiani, Tanga

Mwanangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Huku Muheza sote tu wazima, alhamdulillahi. Nimesikia umeshalipia frem ya Barabara ya 12 na unataka kuingiza mzigo kabla ya masika. Nimefurahi, Mungu akubariki. Lakini nakuomba usipange hata katoni moja mpaka umepanda ngazi ukaitazama dari.

Wengi wakisikia duka limevunjwa hudhani kufuli limekatwa. Frem za safu moja kama hizo mara nyingi zina kasoro moja kubwa: ukuta unaozitenganisha huishia usawa wa dari, haufiki kwenye bati. Sukuma ubao mmoja wa dari, mulika tochi kulia na kushoto. Ukiona mbao za paa la jirani, ujue mlango wako hata uwe wa chuma namna gani haujalinda kitu. Mwizi ataingia kwa jirani mwenye mlango dhaifu, au atang'oa misumari ya bati upande wa uani, atambae juu ya mbao, apige teke jipsamu na kushuka katikati ya duka. Kazi hiyo hufanywa usiku wa mvua. Bati likipigwa na masika hakuna asikiaye nyundo, na mlinzi naye amejibanza barazani.

Dawa ya kwanza ni kupandisha tofali hadi chini ya bati, kwa ruhusa ya mwenye nyumba iliyoandikwa. Lakini hiyo inaziba pande tu, bati bado linafunguka. Kwa hiyo weka na wavu wa nondo juu ya dari. Zungushia kuta zote nne chuma cha pembe cha milimita 40, kishikwe kwa bolti za kupanuka kila sentimita 50, kisha nondo za milimita 12 zichomelewe juu yake kwa miraba ya sentimita 15. Frem yako ni mita 3 kwa 4, basi unahitaji vipande 26 vya mita 3 na 19 vya mita 4. Nondo nzima ni mita 12. 13 zinatosha, maana hukatika bila mabaki mengi. Zipime dukani kabla ya kulipa. Vyuma vya pembe vya mita 6, nunua vitatu.

Wavu huo unafika karibu kilo 140, ndiyo maana usikubali uning'inizwe kwenye mbao za paa. Na tofali likiwa la mchanga mwingi, bolti hazishiki, ukuta unapukutika. Hapo fundi atoboe, achomeke makucha ya nondo na kushindilia zege, asubiri zikauke siku saba ndipo achomelee. Akitaka kufunga viungo kwa waya ili amalize mapema, mkatalie. Waya hukatwa kwa koleo.

Pesa zisipotosha paa zima, tenga stoo ndogo nyuma, wavu uwe hapo tu, na sigara, maziwa ya kopo, simu na vocha zilale humo kila usiku. Mwizi hapendi kubeba gunia la sukari.

Sasa mlango. Kufuli nene halisaidii ikiwa sikio lililoshika kufuli limefungwa kwa skrubu. Mtaimbo huling'oa lote na kufuli likabaki zima. Bolti zipenye mlango, nati ziwe ndani na zichomelewe. Upinde wa kufuli usipungue milimita 10, na ukishafunga usiache nafasi ya kuingiza mtaimbo. Juu yake chomelea kijumba cha chuma kilicho wazi chini tu, mkono na ufunguo vipite. Bawaba za nje nazo hukatwa, kwa hiyo upande wa bawaba chomelea vipande viwili vya nondo ya milimita 16 vinavyoingia kwenye matundu ya fremu ya mlango unapofungwa. Bawaba zikikatwa, mlango hautoki. Kufuli za bei rahisi huwa zinafunguana. Ukinunua, jaribu ufunguo wake kwenye nyingine tatu za aina hiyohiyo papo hapo. Na msaidizi akiacha kazi, hata kama mmeachana kwa wema, badilisha.

Tanga ina chumvi, mwanangu. Kufuli likianza kukwama watu hutia mafuta ya kupikia, yanaganda, yanashika vumbi, siku moja ufunguo unakatikia ndani. Matone mawili ya mafuta ya cherehani kila mwezi yanatosha. Chini ya mlango, maji ya kudeki hula chuma polepole. Gonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti butu.

Droo ya pesa iache wazi na tupu usiku, asiyeona kitu hana cha kuvunja. Simu ya uwakala wa pesa uende nayo nyumbani, na namba ya siri usiiandike popote. Kamera ukiweka, kisanduku cha kurekodi kifichwe stoo, maana wanakibeba.

Weka daftari la mzigo pamoja na risiti, nakala nyumbani. Kila simu unayouza, bonyeza *#06# na uandike namba inayotokea. Ukikatia bima ya wizi wa kuvunja, soma masharti: kwa kawaida hailipi bidhaa zilizopotea bila alama ya kuvunjwa, na watataka hesabu zako. Likitokea la kutokea, Mungu aepushe, usiingie wala kufagia. Piga 112, mwite mwenyekiti wa mtaa, piga picha, kisha uhesabu kilichopungua. Mwizi akishikwa, apelekwe polisi, asipigwe na watu dukani kwako.

Kabla dari haijarudishwa, nipigie picha kila kona ya wavu unitumie, viungo vionekane vizuri. Ikishafungwa hatutaviona tena.

Baba yako